Skuli ya Kesho na Watoto wa Bandari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa chama siku ya kumbukumbu, Bujumbura)





Halmashauri ya chama imenitaka niseme maneno juu ya elimu itakayokuwa. Nilipoletewa barua hiyo nilimwuliza Bwana Katibu, "Itakayokuwa lini?" Akanijibu, "Ile watakayoisoma wajukuu zetu." Sikukataa, ijapokuwa kazi yangu ni kusomesha watoto alifu na be, si kutabiri, na elimu ya ghaibu iko kwa Mola peke yake. Lakini kuyafikiri yanayoweza kuja si kupiga ramli. Nahodha anayetoka bandarini hapa kwenda Kigoma huyatazama mawingu ya upande wa Congo kabla hajafungua kamba, na hakuna amwambiaye kuwa amekufuru.

Na nayasema haya leo kwa sababu ziko mbele yetu faranga tulizochanga kidogo kidogo, Ijumaa baada ya Ijumaa, wala hatujakubaliana zifanye nini. Wako wanaotaka zijenge ghorofa juu ya chuo chetu, jengo la kuonekana, lenye maduka ya kukodisha chini na madarasa juu. Wako wanaotaka zilipe waalimu. Siwezi kuzungumza juu ya elimu ya kesho nikajifanya sijui kuwa kesho yenyewe, kwa sehemu yetu, imo ndani ya sanduku la mweka hazina.

Niruhusuni kwanza nirudi nyuma, kwani yaliyotupata yana mafunzo ambayo vijana wetu hawajaambiwa sawasawa.

Wazee waliokuja katika pwani hii ya ziwa kutoka Ujiji hawakuwa watu wajinga. Walikuja na mashua zao, na chumvi, na nguo, na pamoja na hayo walikuja na kalamu. Waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kwa hati hiyo walipelekeana barua za biashara, wakaandika madeni na nyosia, na talaka pia. Wajerumani walipoweka boma lao hapa Usumbura mwishoni mwa karne ya 19 waliitumia lugha hiyo ya Kiswahili katika kazi za serikali. Kisha mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Lugha ya afisi ikawa Kifaransa, hati ikawa ya Kirumi, na mtu aliyekuwa jana akiandika barua ya kurasa tatu akahesabiwa kuwa hajui kusoma wala kuandika. Elimu yake haikumtoka kichwani kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni ile hati iliyohesabiwa.

Na mlango wa kuipata hati mpya ulikuwa mmoja. Serikali ya Kibelgiji iliziachia misheni kazi ya kusomesha watoto, ikazipa na ruzuku kwa kazi hiyo. Baba Mwislamu alipofikiri kumpeleka mwanawe skuli alikhofu kuwa atamrudia na dini nyingine na jina jingine, na khofu hiyo haikuwa ya bure. Wengi wakawaweka watoto nyumbani. Watoto hao ndio waliokuwa mafundi wa magari, madereva, washoni, wachuuzi wa samaki na wa vitambaa, na makuli wa bandari hii. Ni kazi za halali na ndizo zilizotulea. Hata leo mtu wa Bujumbura gari lake likiharibika anajua kuwa tabibu wake yuko Buyenzi. Lakini kuanzia mwaka 1954, Waziri wa Makoloni Auguste Buisseret alipoanza kufungua skuli za serikali zisizo za misheni, tulikuwa tumekwisha kuachwa nyuma kwa muda wa umri wa mtu mzima. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, watu wa mitaa hii, ambao walikuwa mstari wa mbele kumfuata Mwanamfalme Louis Rwagasore, walijikuta wachache katika afisi za nchi waliyoipigania.

Siwalaumu wazee. Mwenye kutaka kuwalaumu na ajiulize kwanza yeye angefanyaje. Lakini katika sira tunasoma kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliachiliwa kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Waalimu hao hawakuwa Waislamu, na juzi yake tu walikuwa wameshika panga. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuona kuwa herufi inanajisika kwa sababu ya mkono unaoifundisha. Na angalieni jambo la pili ambalo wasemaji wengi huliruka: watoto wale walifundishwa Madina, kwao, wazazi wao wakiona. Baba zetu hawakupewa sharti kama hilo. Waliambiwa wachague moja, kalamu au dini, na watu wanaochaguzwa hivyo hupata hasara upande wowote watakaouchagua.

Sasa tutazame mbele. Hati inabadilika tena, na safari hii bandari yetu itaiona mapema kuliko mitaa mingine.

Wako hapa wazee waliobeba magunia ya saruji na ya sukari kwa mabega, gunia moja moja, na nyapara akihesabu kwa sauti. Leo mzigo huja ndani ya kontena, na winchi moja huinua kwa dakika kazi ya watu wengi ya asubuhi nzima. Tamko la forodha huandikwa katika kompyuta, na mwenye mzigo asiyejua kulisoma humlipa mtu wa kumsomea, tena hana njia ya kujua kama amesomewa kweli. Makao makuu ya siasa yalihamishiwa Gitega mwaka 2019. Na mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza, Tanzania, kuja Musongati ulitiwa saini Januari 2025. Tazameni ramani: reli hiyo haipiti ziwani. Sisemi kuwa bandari itakufa, kwani Kalemie na Uvira na Mpulungu ziko palepale na maji ni njia nafuu; lakini nasema kuwa mtu mwenye kumwachia mwanawe bega lake kuwa ndio urithi, anamwachia mali ambayo bei yake inashuka.

Basi skuli ya kesho itakuwaje? Wanaofikiri juu ya mambo haya wana picha nyingi, nami nitasema juu ya zile zinazotugusa.

Picha inayosifiwa kuliko zote ni skuli isiyo na kuta: mtoto akae nyumbani, ashike simu, na elimu yote ya ulimwengu imjie kiganjani. Picha hii si ndoto tena, imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, skuli zetu za Burundi hazikufungwa, lakini majirani walifunga. Kenya ilifunga mwezi wa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Uganda ilikuwa na muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Masomo yalitolewa kwa redio na kwa televisheni, na wenye simu nzuri walisoma kwa simu. Matokeo yake yanajulikana. Mtoto wa mwenye nacho aliendelea. Mtoto wa maskini alipelekwa shambani, au sokoni, au machimboni. Na wasichana wengi walishika mimba au waliozwa, hawakuliona darasa tena. Haikuwa kwa sababu masomo ya redio yalikuwa mabaya. Ni kwa sababu redio haimwulizi mtu, "Jana mbona hukuja?"

Sisemi simu ni haramu, kama alivyosema mwenzangu mmoja ambaye naye ameitia mfukoni. Mimi husikiliza kwa simu visomo vya makari wa Misri, na hapo zamani ingenibidi nipande meli ili niwasikie. Siku hizi ziko hata mashine zinazojibu swali lolote kwa Kiswahili kisafi, na mara nyingine hujibu uwongo kwa Kiswahili kisafi vilevile. Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa kufahamu atazitumia kama chombo. Asiyefundishwa zitamtumia yeye.

Picha ya pili ni skuli ileile tuliyo nayo, lakini kubwa zaidi: watoto zaidi, miaka zaidi, lugha zaidi. Nchi yetu imeifuata njia hii, na lazima tuseme ukweli kuwa imeleta kheri. Mwaka 2005 serikali ilifuta ada ya skuli za msingi, na watoto waliokuwa wakizurura Ruvumera wakaingia darasani. Tulipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vikiingizwa katika skuli za msingi, na mwaka 2013 elimu ya msingi ikafanywa ya miaka tisa. Lugha ambayo babu zetu walicheka nayo na kulia nayo, iliyoitwa lugha ya wapita njia, leo ina mtihani wake. Alhamdulillahi. Lakini waalimu hawakuongezeka kwa kadiri ya watoto. Darasa la watoto themanini si ajabu hapa, na mwalimu wa darasa hilo, hata akiwa mtu mwema wa namna gani, hajui nani amefahamu na nani ameitikia tu.

Hapa nataka niwape khabari ambayo wengi hamkuisikia. Mwaka 2014 ulifanywa uchunguzi katika nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa katika skuli, ukiwapima watoto wa skuli za msingi. Watoto wa darasa la pili wa Burundi, katika kusoma na katika hesabu, waliwapita wenzao wa nchi zote tisa zilizobaki, na baadhi ya nchi hizo ni tajiri kuliko yetu. Sababu moja inayotajwa ni kwamba huko wengi walianza kufundishwa kwa Kifaransa wasichokijua, na wa kwetu walianza kwa Kirundi, lugha waliyonyonya. Basi mtu asiwadanganye kuwa mtoto wa Burundi ana kichwa kigumu, wala kuwa elimu ni kule kusema kwa ulimi wa mtu wa mbali. Mtoto akisha jua kusoma katika lugha yake, lugha nyingine humfuata.

Picha ya tatu iko karibu nasi kuliko zote, nayo ni skuli na chuo kushikana mikono. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu kwa maandishi yake wasiiache elimu ya dunia wala wasiiuze ya akhera kwa ajili yake. Gazeti lake la Al-Islah lilitoka mwaka 1932. Baada yake, mwaka 1951, kilifunguliwa palepale Mombasa chuo kikubwa cha ufundi kwa ajili ya Waislamu, jengo la fahari. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Ni kheri kwa Kenya, wala sisikitiki. Nakitaja ili wapenzi wa ghorofa wakumbuke kuwa jengo hudumu na shabaha yake hubadilika.

Lakini mwaka 1986, katika mji huohuo, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, lilianzwa jambo dogo zaidi. Waliziendea madrasa zilizokuwapo, wakawafundisha kina mama wa mitaa hiyohiyo kuwa waalimu, na watoto wadogo wakaanza kupewa hesabu na kusoma na michezo ya kufungua akili, pamoja na Qurani na adabu, mahali pamoja, asubuhi moja. Vitu vya kufundishia vilitengenezwa kwa vilivyopatikana mtaani. Jambo hilo likaenea Unguja na Uganda. Halikuanza kwa ghorofa, lilianza kwa mwalimu.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO lilitoa taarifa juu ya elimu ya siku zijazo, iliyotungwa na tume ya watu wa mataifa mengi chini ya Bibi Sahle-Work Zewde, aliyekuwa Rais wa Ethiopia wakati huo. Taarifa hiyo inawataka watu wajiulize mambo matatu: lipi tuliendeleze, lipi tuliache, na lipi tulibuni upya. Nimeyachukua maswali hayo nikayaingiza chuoni kwetu, nikakaa nayo juu ya mkeka.

La kuendeleza ni hili. Chuoni mtoto hashindwi mtihani akafukuzwa. Kila mmoja ana ubao wake na mahali pake. Huyu yuko katika alifu na be, huyu yuko Juzuu Amma, na ndugu yake mkubwa anakaribia kukhitimu, wote chini ya paa moja. Mkubwa humsomesha mdogo, na kwa kumsomesha huimarika yeye mwenyewe. Mwalimu anamjua mtoto, anamjua na baba yake, na asipokuja siku mbili hutuma mtu nyumbani. Wenye elimu ya ualimu leo wanaandika vitabu wakiyasifu mambo haya kana kwamba yamezuliwa juzi. Na hifdhi pia nisingependa tuidharau. Meli ya Liemba, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, walikwisha kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Ilipoopolewa mwaka 1924 mashine zilikuwa nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Aliyehifadhi utotoni, hata maisha yakimzamisha, iko siku ataopolewa akute kitu.

La kuacha ni bakora. Wako watu wazima humu ambao wakisikia harufu ya wino wa masizi wanakumbuka maumivu kabla ya kukumbuka aya, na wengine waliikimbia elimu yote kwa ajili hiyo. Na la kuacha pia ni kule kumpitisha mtoto msahafu mzima asijue maana ya neno moja, kisha tukamfanyia karamu.

Na la kubuni upya, ndugu zangu, ndilo linalohusu sanduku. Mimi nasema, kwa heshima zote kwa wazee wenye shauri jingine, kwamba fedha hizi zisijenge ghorofa. Zitengeneze paa linalovuja, kisha zilipe waalimu: wa Qurani, ambao mpaka leo wanategemea ada ya Alkhamisi ambayo mara hutolewa na mara husahauliwa, na pamoja nao mwalimu wa kusoma na kuandika kwa Kirundi na Kiswahili, na mwalimu wa hesabu na kompyuta. Mtoto akitoka skuli, badala ya kuja kwetu kuanza jambo jingine lisilohusiana na la asubuhi, aje apate mtu wa kumwuliza, "Leo umefahamu nini?" Darasa la themanini hatuwezi kulipunguza sisi. Lakini tunaweza kumpa kila mmoja katika themanini hao mahali pa pili ambapo jina lake linajulikana.

Nimeambiwa kwamba maduka ya chini yangeleta kodi, na kodi ingelipa waalimu milele. Ni hoja nzuri, na aliyeitoa ni mfanyabiashara anayejua asemalo. Jibu langu ni kwamba jengo litachukua miaka, saruji haishuki bei, na ziwa lenyewe tumeliona: mwaka 2020 maji ya Rusizi yaliifunika Gatumba, na mwaka 2024 ziwa likapanda tena likaingia katika nyumba za watu. Mtoto aliye na miaka saba leo, jengo litakapokwisha, atakuwa na ndevu. Yeye hangojei.

Watoto wa kike wasiachwe nyuma ya mlango. Bibi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke, naye ni Shifa binti Abdillahi. Asiyetaka binti yake afundishwe na mwanamume, na atusaidie kumpata mwalimu mwanamke. Asikae tu akilalamika kuwa hayupo. Na usiku, baada ya Isha, ningependa taa isizimwe. Wako makuli na mafundi wa rika langu, niliosoma nao skuli ya msingi tukaishia hapo, nami pia nikiwamo, kwani nafasi za mbele zilikuwa chache na mtihani ulikuwa mmoja. Mtu huyo akifundishwa kusoma tamko la forodha na kuandika daftari la mali yake, hiyo ni elimu ya kesho pia, hata kama yeye mwenyewe ni mtu wa jana.

Najua shauri hili halina jengo la kuwaonyesha wageni, wala hapatakuwa na utepe wa kukata. Mkutano wa wanachama utaamua Jumapili ijayo, na uamuzi wao nitaufuata, uwe wa ghorofa au wa waalimu. Ila kwa sasa iko daftari juu ya meza ya Bwana Katibu, karibu na mlango wa kutokea, imegawanywa kurasa za watoto wa kiume, watoto wa kike, na watu wazima. Kila mwenye kutaka darasa, na aandike jina la mwanawe au lake, na saa anayoweza kuja, ili Jumapili tuwe na majina mbele yetu na si maneno matupu. Asiyeweza kuandika, nitakaa pale mpaka Magharibi nimwandikie.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.